Siku Kama ya Leo: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Chemsha Bongo ya Historia Kila Siku

Kila asubuhi saa 1 na nusu, kabla kengele ya mstarini haijagongwa, huwa nimeshatuma swali moja. Linakwenda kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi niliowahi kuwafundisha, na wakati huo huo mwanafunzi wa zamu analiandika kwa chaki kwenye ubao ulio nje ya ofisi ya walimu. Linaanza kwa maneno yale yale siku zote: "Siku kama ya leo…" Jibu linatoka saa 2 usiku. Hiyo ndiyo chemsha bongo nzima, na watu wanaipenda kuliko vipindi vyangu vingi vya darasani.

Wanaotaka kuanzisha ya kwao huanza kwa moto mkubwa, kisha wiki ya tatu wanakwama. Hawakwamishwi na uhaba wa matukio. Wanakwama kwa sababu wanauliza tarehe. "Tanganyika ilipata uhuru lini?" Anayejua anajibu, asiyejua anakaa kimya, na jioni wote wawili wanalala na kile kile walichoamka nacho. Katika mchezo huu tarehe umeshawapa watu, ni ya leo. Kazi ya swali ni kuwaingiza ndani ya siku hiyo, na kazi ya jibu ni kumfundisha hata aliyekosa. Yote yaliyo hapa chini yanatoka kwenye imani hiyo.

Hatua ya 1: Fungua daftari la kurasa 366

Nunua kaunta buku nene. Kila tarehe ipe ukurasa wake, na 29 Februari usiisahau. Ukurasa huo si mtupu kama watu wanavyodhani: tetemeko lililoubomoa mji wa Agadir, Morocco, lilitokea 29 Februari 1960.

Anza na tarehe unazozijua bila kufungua kitabu. Kwa Mtanzania ni 12 Januari, 26 Aprili, 7 Julai, 14 Oktoba, 9 Desemba. Tarehe 5 Februari ina mambo mawili: Azimio la Arusha mwaka 1967, na kuzaliwa kwa chama cha CCM mwaka 1977 vyama vya TANU na ASP vilipoungana. Kisha piga hodi kwa majirani: Kongo 30 Juni 1960, Rwanda na Burundi 1 Julai 1962, Uganda 9 Oktoba 1962, Kenya 12 Desemba 1963.

Halafu toka kwenye siasa, na hapa nakusihi kabisa. Daftari lililojaa marais na mapinduzi linachosha. Weka 2 Februari 1974, Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 kule Christchurch na kuweka rekodi ya dunia, akiongoza mbio tangu mwanzo hadi mwisho. Weka 20 Oktoba 1968, Mtanzania John Stephen Akhwari alipoingia uwanjani kumaliza maratoni ya Olimpiki, Mexico City, akichechemea, goti limefungwa bandeji, mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia akiwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Weka 28 Septemba 1928, siku ambayo Alexander Fleming anatajwa kuugundua ukungu uliotupa penisilini.

Usitume swali la kwanza mpaka uwe na kurasa 30 mfululizo zilizokamilika mbele yako. Bila akiba hiyo, siku utakayougua au kusafiri ndiyo siku chemsha bongo itakapokufa.

Hatua ya 2: Hakiki tarehe kabla ya kuipenda

Tarehe haiingii kwenye daftari langu mpaka niikute sehemu mbili zisizonakiliana. Kurasa tano za intaneti zenye sentensi moja ile ile ni shahidi mmoja, si watano. Nikikuta sehemu mbili zinapingana na sina namna ya kuamua, ninachagua tukio jingine. Siku moja ina matukio mengi mno kuning'ang'aniza kwenye lenye shaka.

Kuna mitego ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tunaingia kwa njia yetu wenyewe. Wa kwanza ni saa. Kitabu cha Kiingereza kikisema jambo lilitokea saa 9 asubuhi kwa hesabu yao, kwetu ni saa 3. Nimeona watu wakiandika "saa 9 asubuhi" kama ilivyo, na msomaji anabaki akijiuliza ilikuwa alfajiri au alasiri. Geuza saa kabla ya kugeuza kitu kingine chochote.

Wa pili ni usiku. Kwa hesabu ya serikali siku inabadilika saa 6 usiku. Kwa wazee wa pwani siku mpya inaingia magharibi, kwa hiyo mzee akikuambia "usiku wa Jumapili" huenda anazungumzia Jumamosi baada ya jua kuzama. Ukichukua habari kwa mdomo, muulize: "Ni usiku wa kuamkia Jumapili, au Jumapili yenyewe usiku?" Bahati nzuri lugha yetu ina dawa ya mkanganyiko huu. Mapinduzi ya Zanzibar yalifanyika usiku wa kuamkia Jumapili, 12 Januari 1964. Ukiandika "usiku wa kuamkia" hakuna atakayepotea.

Wa tatu ni umbali. Marekani wanaadhimisha 20 Julai 1969 kuwa siku mtu alipokanyaga mwezi. Chombo kilipotua, Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa 5 na dakika 17 usiku wa tarehe hiyo hiyo. Lakini Neil Armstrong alipoweka mguu chini, kwetu ilikuwa saa 12 kasoro dakika 4 alfajiri ya tarehe 21. Tarehe zote mbili ni sahihi, mradi useme ni saa za wapi.

Wa nne ni kalenda. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi mwaka 1917 yaliangukia 7 Novemba kwa kalenda tunayotumia. Warusi walikuwa bado kwenye kalenda ya zamani iliyosema 25 Oktoba. Waethiopia nao wana kalenda yao, iko nyuma yetu kwa miaka 7 au 8. Matukio ya Kiislamu yafuate mwezi mwandamo: vita vya Badr viweke kwenye 17 Ramadhani, vitembee na mwaka wa Hijria, usivigandishe kwenye tarehe ya Kizungu. Mimi nina kurasa chache nyuma ya daftari kwa ajili hiyo tu.

Wa tano ndio ulioniumiza. Swali langu moja la 26 Aprili lilisema kwamba siku hiyo mwaka 1964 "nchi ya Tanzania ilizaliwa kwa jina hilo". Kabla ya saa 4 asubuhi mzee mmoja aliyewahi kuwa karani serikalini alinipigia. Baada ya shikamoo na marahaba akasema taratibu, "Mwalimu, Muungano ni siku hiyo, lakini jina lilikuwa bado." Ni kweli. Nchi ilianza kwa kuitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina Tanzania likaja 29 Oktoba mwaka huo huo. Nyerere na Karume nao walikuwa wamesaini Hati za Muungano tangu 22 Aprili. Tangu siku hiyo, kila ukurasa ninaandika kitenzi kwa uangalifu: ilisainiwa, ilitangazwa, ilianza kutumika, ilikabidhiwa. Tuzo za Nobel hutangazwa Oktoba na kukabidhiwa 10 Desemba. Uhuru wa Kenya ni 12 Desemba 1963, jamhuri ni 12 Desemba 1964.

Hatua ya 3: Andika swali, kisha liandike tena

Nitakuonyesha ukurasa mmoja ulivyokuwa, wa 27 Agosti.

Rasimu ya kwanza: "Siku kama ya leo mwaka 1896, vita vya Uingereza na Zanzibar vilidumu dakika ngapi? A. 38, B. 40, C. 45." Nililifuta. Waandishi wanatofautiana kati ya dakika 38 na 45 kutegemea wanahesabu tangu mzinga wa kwanza au tangu saa ya mwisho aliyopewa Sultani, hivyo watu watatu wangegombana na wote wana haki.

Rasimu ya pili: "Vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa wapi?" Hili halina mgogoro, ila kila mtu ameshalisikia. Lingekuwa swali la kuamsha vidole, si bongo.

Lililotumwa ni hili:

*Siku kama ya leo mwaka 1896, saa 3 asubuhi, meli za kivita za Uingereza zilianza kulipiga mizinga kasri la Sultani, Unguja. Kabla ya saa 4 mapigano yalikuwa yamekwisha. Khalid bin Barghash alikuwa amefanya nini?*
*A. Alikataa kufunga soko la watumwa.*
*B. Alichukua kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza.*
*C. Aliwapa Wajerumani kisiwa cha Pemba.*
*D. Alizuia karafuu zisipakiwe kwenye meli zao.*

Tazama majibu ya uongo. Kila moja ni jirani wa ukweli. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa 5 Juni 1873, enzi za Barghash, baba yake Khalid. Wajerumani na Waingereza waligawana ushawishi katika pwani hii kwa mkataba wa 1890. Karafuu ndiyo iliyokuwa mali ya visiwa. Mtu anayechagua A hajakosa ovyo, amechanganya mtoto na baba, na jioni utamwambia hivyo. Majibu ya mzaha, yale ya "D. Alikula ndizi zao", yanapoteza nafasi ya kufundisha. Mimi siyaweki.

Aina nyingine za maswali zinazofanya kazi vizuri ni za mfuatano (kipi kilitangulia), za sababu, na za hesabu ndogo. Mfano wa hesabu: Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Ulaya 11 Novemba 1918, lakini von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25. Mwulize mtu silaha zilichelewa kusalimishwa kwa siku ngapi upande huu wa dunia. Ni 14. Hesabu ni ya darasa la tatu, lakini ukishaifanya mwenyewe huisahau, na inakutia hamu ya kujua kwa nini.

Swali lisizidi maneno 50 bila kuhesabu machaguo. Mtu analisoma ndani ya daladala, amesimama, simu kwenye mkono mmoja.

Hatua ya 4: Jibu ndilo somo

Wengi hutuma "Jibu ni B, hongereni" na kuondoka. Wanatupa shamba siku ya mavuno. Muda wangu mwingi, pengine theluthi mbili, unakwenda kwenye jibu. La 27 Agosti lilisomeka hivi:

*JIBU: B. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla 25 Agosti. Khalid akaingia kasrini na wafuasi wake. Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya himaya yao tangu 1890, walimtaka Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na kutoka. Hakutoka. Upande wake watu kama 500 waliuawa na kujeruhiwa; upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa konseli wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916 na kumpeleka uhamishoni. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Mliochagua A mlimkumbuka baba yake: Barghash ndiye aliyesaini kufungwa kwa soko, mwaka 1873.*

Mpangilio wake ni huu: herufi kwanza, chanzo, kilichotokea, kilichomfika mhusika baadaye, mwisho neno moja kwa waliokosa. Hiyo sehemu ya "baadaye" usiiache. Watu wanataka kujua mtu aliishia wapi. Jioni ile mjadala mrefu haukuwa juu ya mizinga, ulikuwa juu ya Khalid kuzeeka Mombasa chini ya bendera ile ile iliyomtoa kasrini.

Hatua ya 5: Kutuma na kusimamia

Tuma saa ile ile kila siku, isibadilike. Majibu yaje inboksi, si kundini, maana akijibu mmoja anayeaminika wengine wote wanamfuata. Kura ya WhatsApp ina kasoro hiyo hiyo, kila mtu anaona wenzake wamechagua nini. Telegram inayo kura ya chemsha bongo inayoficha jibu mpaka uchague. Na kabla ya kutuma soma swali kwa sauti mara mbili, kwa sababu WhatsApp inakupa dakika 15 tu za kuhariri ujumbe.

Kuhusu Google, sikatazi. Mtu aliyetafuta na kusoma kurasa mbili amefanya nilichotaka afanye. Pale penye zawadi tu, kwa mfano mashindano ya Ijumaa mstarini, maswali yanaulizwa ana kwa ana na simu zinakaa mbali. Zawadi za kila siku nazo nimeziacha. Vocha ilileta wawindaji wa vocha. Kusomewa jina lako mbele ya wenzako siku ya Ijumaa kumetosha, hata kwa watu wazima wenye familia zao.

Hatua ya 6: Siku zisizo na swali

21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakapoteza maisha. 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. 7 Aprili Wanyarwanda wanaanza kuomboleza mauaji ya kimbari ya 1994. Katika kundi lako kuna mtu aliyempoteza mama yake katika mojawapo ya siku hizo, na huenda hajawahi kukuambia. Siku hizo usiweke A, B, C, D. Usigawe alama juu ya vifo vya watu. Tuma aya moja ya kumbukumbu, bila swali, na acha wanaotaka kusema waseme.

Hatua ya 7: Siku nane za kuanzia

Kama huna pa kuanzia, chukua siku hizi za Oktoba. Nimezitumia zote.

7 Oktoba 2021: mzaliwa wa Zanzibar, aliyekua akizungumza Kiswahili, alitangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi. Riwaya zake ameziandika kwa lugha gani? (Kiingereza. Ni Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana baada ya Mapinduzi.)

8 Oktoba 2004: Wangari Maathai alitangazwa mshindi wa Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Kupanda miti kunahusianaje na amani? (Hili ni la kujieleza. Vuguvugu lake la kupanda miti lilianza 1977. Kubali kila jibu lenye hoja ya kuni, maji na ugomvi wa ardhi.)

9 Oktoba 1962: panga Kenya, Tanganyika na Uganda kwa mfuatano wa uhuru. (Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya 1963.)

10 Oktoba: Wakenya wana mapumziko. Taja majina mawili ambayo sikukuu hii imewahi kuitwa. (Siku ya Moi, Huduma, Utamaduni, Mazingira. Wenye umri watawashinda vijana, na ni vizuri iwe hivyo mara moja moja.)

11 Oktoba 2019: Abiy Ahmed wa Ethiopia alitangazwa mshindi wa Nobel ya Amani kwa kupatana na jirani yupi? (Eritrea. Katika jibu sema pia kwamba mwaka uliofuata vita vilizuka Tigray. Ukiliacha hilo utakuwa umewapa watu nusu ya habari.)

12 Oktoba 2019: Eliud Kipchoge alikimbia maratoni Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kwa nini haikuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia? (Hayakuwa mashindano ya wazi, na wasaidizi wa kuongoza kasi walikuwa wakipokezana njia nzima.)

13 Oktoba 1961: Mwanamfalme Louis Rwagasore, Waziri Mkuu wa Burundi, alipigwa risasi na kufa Usumbura. Chama chake kilikuwa kimeshinda uchaguzi lini? (Mwezi mmoja tu kabla, Septemba. Hakuuona uhuru wa 1 Julai 1962.)

14 Oktoba 1999: Mwalimu Nyerere alifariki London. Siku zake za mwisho alikuwa mpatanishi wa mgogoro wa nchi gani? (Burundi. Nelson Mandela alimrithi kazi hiyo, na makubaliano yakasainiwa Arusha 28 Agosti 2000.) Swali hili usilitenganishe na la jana yake. Aliyesoma habari za Rwagasore tarehe 13 anafika tarehe 14 akiwa tayari anajua Burundi ilianza kuvuja damu wapi.

Hatua ya 8: Ukikosea

Utakosea. Rekebisha siku hiyo hiyo, kwenye kundi lile lile, kwa sentensi iliyonyooka: "Asubuhi niliandika hivi, sahihi ni hivi, aliyenisahihisha ni fulani," ukiwa umemwomba ruhusa ya kumtaja. Ujumbe wa zamani usiufute. Alama zirudishwe kwa waliostahili. Kisha fungua ukurasa wa tarehe hiyo kwenye daftari, uandike masahihisho kwa wino mwekundu juu kabisa, mahali ambapo jicho litatua kwanza mwakani tarehe hiyo ikirudi. Ukurasa wangu wa 26 Aprili una mstari mwekundu mmoja: "Jina: 29 Oktoba." Mzee aliyenipigia simu, sasa mimi humtumia kila swali la Muungano jioni moja kabla, naye hunijibu kabla sijalala.